Kila Sikio na Jazi Yake

Hotuba ya kamati ya kwaya katika Ibada ya Shukrani ya Yubile ya Miaka 50

 

Tunamshukuru Mungu aliyetufikisha miaka 50. Historia ya kwaya mmeisoma katika kurasa zilizotangulia: jinsi watu 9 walivyoanza bila kinanda, jinsi sare ya kwanza ilivyoshonwa kwa kitambaa cha mkopo, na jinsi kanda yetu ya kwanza ilivyorekodiwa usiku ili milio ya magari isisikike. Hatutayarudia hayo. Tulipokaa kupanga hotuba hii, baadhi yetu walitaka tuhesabu mafanikio. Wengine wakasema mafanikio yapo kwenye picha, kila mtu atajionea. Mwisho tukakubaliana kuzungumzia jambo lisilo na picha hata moja, nalo nusura livunje kwaya hii. Tutazungumzia jazi.

Tunawasikia mnaocheka kule nyuma. Hata katika kamati kulikuwa na kicheko. Mama mmoja wa alto, mlezi wetu wa miaka mingi, alipoliona neno hilo kwenye rasimu ya programu alisema jazi anayoijua yeye ni ile ya Mathayo sura ya 6, ya Baba aonaye sirini, ambaye humjazi mtu. Tulicheka sana. Lakini neno lake tuliliweka, na tutalirudia kabla hatujaketi.

Saksafoni yaingia kanisani

Ilikuwa mwaka 2016, Jumapili ya mavuno. Kijana wetu mmoja wa teno alikuwa akisoma Nairobi. Miaka ile vijana wengi walianza kuisikia jazi kwa karibu. Tamasha la jazi la Safaricom lilikuwa limeanza mwaka 2014, na mapato yake yalikuwa yakisaidia Ghetto Classics, mradi unaowafundisha muziki watoto wa Korogocho kwenye uwanja wa Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yohana. Kijana wetu aliwaona watoto wadogo kuliko yeye wakipuliza vyombo vikubwa bila woga, naye akatamani. Akajifunza. Akaazima saksafoni, akaja nayo nyumbani wakati wa likizo, na mwalimu wa kwaya akampa ubeti mmoja autangulize kabla sisi hatujaingia.

Nusu ya kanisa ilisimama na kupiga vigelegele. Nusu nyingine ilikaa na kutazama sakafu. Kufikia wakati wa sadaka minong'ono ilikuwa imeanza, na wiki hiyo hiyo barua isiyo na jina ilifika kwa wazee wa kanisa, ikisema kwamba kwaya imeleta mambo ya baa madhabahuni.

Kamati ikaitisha kikao cha wanakwaya wote. Tulibishana saa tatu nzima. Wengine walisoma Zaburi ya 150 na kuhesabu vyombo vilivyomo. Wengine walijibu kwamba Daudi hakuwahi kulewa akipiga kinubi chake. Mwishowe tukapiga kura. Watu 19 walitaka saksafoni ibaki, watu 7 walikataa. Tukafunga kwa maombi, tukaenda nyumbani tukiamini tumemaliza.

Hatukuwa tumemaliza. Baada ya mwezi mmoja, watatu kati ya wale 7 hawakuonekana tena mazoezini. Mmoja wao alikuwa ameimba nasi sauti ya kwanza kwa miaka 22. Tulikuwa tumehesabu mikono, lakini hakuna aliyemuuliza mwenzake kwa nini ameuinua wake, au kwa nini ameushusha.

Jumatano ya kusikiliza

Mwalimu wetu hakulala vizuri siku hizo, na mwenyewe ametuambia. Jumatano moja alikuja mazoezini bila karatasi za nota. Alibeba spika ndogo tu. Akatuambia tuketi, tufumbe macho, atatuchezea vipande vinne vya muziki ambao watu wanauita jazi, au ambao ni ndugu wa damu wa jazi. Baada ya kila kipande, anayetaka aseme alichosikia. Sharti lilikuwa moja: asiwepo wa kumjibu.

Kipande cha kwanza kilitoka New Orleans, mji wa kusini mwa Marekani ambako jazi ilizaliwa kati ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Mwalimu alitueleza kwamba katika mji huo watumwa wa Kiafrika walikuwa wakiruhusiwa kukutana Jumapili alasiri katika uwanja unaoitwa Congo Square, wapige ngoma na kucheza. Vizazi vilivyofuata vilichukua tarumbeta na vyombo vingine vya bendi za shaba, wakavipiga kwenye maandamano na kwenye mazishi. Mpaka leo desturi ipo: bendi hulisindikiza jeneza kwa nyimbo za kanisa zinazopigwa polepole sana, hatua kwa hatua. Marehemu akishaagwa, njia ya kurudi hupigwa muziki wa haraka, na watu hucheza barabarani.

Mama mmoja wa sauti ya kwanza, mjane, ndiye aliyesema kwanza. Alisema: "Hayo ni matanga ya kwetu. Tulipompeleka baba watoto nyumbani, basi lilienda kimya njia nzima. Kurudi, watoto wakalala, na sisi akina mama tukaanza kuimba, kwanza chinichini, halafu kwa nguvu. Nilijilaumu miaka mingi kwamba niliimba siku ile. Leo nimesikia watu wengine wakifanya vile vile." Hakuna aliyemjibu, kwa kuwa ndilo lilikuwa sharti. Lakini mama wawili walisogeza viti vyao karibu naye.

Kipande cha pili alikiimba Mahalia Jackson, mzaliwa wa mji huo huo wa New Orleans. Yeye alikuwa mwimbaji wa injili na alikataa kuimba nyimbo za kidunia, ingawa sauti yake ilikuwa imebeba muziki wote wa mtaa aliokulia. Mzee wetu mmoja, mwalimu mstaafu aliyetufundisha solfa wengi wetu, aliinua kidole kama mwanafunzi. Akasema ametafuta noti moja ya yule mama akashindwa kuiandika. "Haiko kwenye mi," alisema, "na haiko kwenye ma. Iko hapo katikati, mahali ambapo solfa haina herufi. Miaka 40 nimewasahihisha watu walioimba hapo katikati. Leo najiuliza wangapi walikuwa wanakosea, na wangapi walikuwa wanalia."

Baadaye tulijifunza kwamba hiyo noti aliyoitafuta ndiyo wanamuziki wa bluzi na jazi huiita noti ya buluu. Si kosa la sikio. Ndiyo roho ya muziki wenyewe.

Kipande cha tatu hakikuwa na maneno. Kilikuwa saksafoni ya John Coltrane, sehemu ya mwisho ya A Love Supreme, kazi aliyoirekodi Desemba 1964. Babu zake wote wawili walikuwa wahubiri. Alipokuwa kijana alitekwa na dawa za kulevya na pombe, na mwaka 1957 alipata mwamko wa kiroho uliombadilisha. Kazi hii aliitoa kuwa shukrani yake kwa Mungu. Aliandika sala kwa mkono wake, na katika sehemu hiyo ya mwisho, anayoiita Zaburi, anaipuliza ile sala neno kwa neno: kila silabi na noti yake. Anayeshika karatasi ya sala anaweza kumfuata mstari baada ya mstari.

Baadhi yetu, tuseme ukweli, tulichoka kabla hakijaisha. Lakini dada mmoja wa alto, muuguzi, alikuwa akifuta machozi. Alisema anakisikiliza kwenye matatu asubuhi akitoka zamu ya usiku. "Kuna asubuhi nimeona watu wawili wakifa, na nikifika nyumbani sina neno la kumwambia Mungu. Sala ya kutunga siwezi. Zaburi ya kusoma macho hayafunguki. Huyu ananisalia. Mimi naitikia Amina tu."

Kipande cha nne kilipoanza, wazee wote walitabasamu kwa pamoja. Lilikuwa gitaa la Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Hapo vijana ndio waliovunja sharti. "Hii si jazi!" walisema. Na wazee wakajibu, "Kwetu sisi, hii ndiyo jazi."

Jina moja, mambo mengi

Tulicheka siku ile, lakini ubishi wenyewe ulitufumbua macho. Katika Afrika ya Mashariki na Kongo, neno hilo lina historia yake. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944. Kinshasa, enzi ikiitwa Léopoldville, OK Jazz ilianza mwaka 1956. Hapa kwetu Shirati Jazz ya D. O. Misiani ilipiga benga kando ya Ziwa Victoria mpaka ikajulikana nchi nzima. Nyingi za bendi hizo hazikupiga jazi ya Marekani. Zilipiga rumba, twisti, benga, na ngoma za makwao zilizohamia kwenye gitaa. Jina "Jazz" lilimaanisha bendi ya kisasa, ya mjini, yenye vyombo vya umeme au vya kupuliza, inayokesha ikichezesha watu.

Basi fikirini. Kijana wa miaka 20 akisikia neno "jazi" anaona vijana waliovaa vizuri jukwaani Nairobi, na watoto wa Korogocho waliopewa chombo mkononi badala ya chupa ya gundi. Mzee wa miaka 75 akisikia neno hilo hilo anaona ukumbi wa dansi, taa nyekundu, mshahara wa mwezi ukiishia mezani kwa usiku mmoja, na mke anayesubiri nyumbani. Sisi tulibishana saa tatu nzima kuhusu neno moja bila kugundua kwamba kila upande ulikuwa ukizungumzia kitu chake.

Kijana mwenye saksafoni alisema wa mwisho. Wengi mnamfahamu, na mnajua kwamba ana kigugumizi tangu utotoni. Maneno yake yalichukua muda, nasi tukangoja. Alisema: "Nikiongea, watu hunimalizia sentensi. Nikipuliza, hakuna anayenimalizia." Kisha akaketi.

Aliyekaa kimya siku ile ni mmoja tu, Mzee wetu wa besi. Alikuwa mmoja wa wale 7, na hakuacha kwaya. Kabla kipande cha nne hakijaisha alichukua kofia yake akatoka.

Waliotutangulia

Wiki zilizofuata mwalimu aliendelea kutusimulia habari za watu wa huko jazi ilikotoka, nasi tukaona kwamba ugomvi wetu haukuwa mpya.

Thomas Dorsey alizaliwa mwaka 1899 katika jimbo la Georgia, mwana wa mhubiri. Alipiga piano ya bluzi kwenye kumbi za starehe kwa jina la Georgia Tom, na alimpigia Ma Rainey, mwimbaji mkuu wa bluzi wa wakati wake. Alipoanza kuandika nyimbo za injili zenye mdundo ule ule wa bluzi, makanisa mengi hayakumtaka. Mwenyewe alisimulia uzeeni jinsi alivyofukuzwa katika makanisa yaliyokuwa na heshima kubwa. Hakuacha. Akawa kiongozi wa kwaya ya injili katika kanisa la Pilgrim Baptist mjini Chicago.

Agosti 1932 Dorsey alimwacha mkewe Nettie nyumbani, mjamzito, akaenda St. Louis kuimba kwenye mkutano wa injili. Akiwa huko alipokea telegramu: mkewe amefariki akijifungua. Alirudi akamkuta mtoto yu hai, lakini muda mfupi baadaye mtoto naye akafa. Wakazikwa pamoja. Katika siku hizo za giza alikaa kwenye piano akatunga Take My Hand, Precious Lord, wimbo wa mtu aliyechoka anayemwomba Bwana amshike mkono. Noti zake zina bluzi ndani. Leo wimbo huo unaimbwa katika makanisa ya dunia nzima, na wanaouimba wengi hawajui kwamba mtunzi wake alikataliwa mlangoni.

Duke Ellington naye alizaliwa mwaka huo huo wa 1899. Yeye alikuwa kiongozi mashuhuri wa bendi ya jazi. Mwaka 1965, akiwa na miaka 66, alifanya tamasha lake la kwanza la muziki mtakatifu katika Kanisa Kuu la Grace mjini San Francisco, na mchezaji alicheza kwa viatu vyenye vyuma kuonyesha jinsi Daudi alivyocheza mbele za Bwana. Mwaka uliofuata mkutano wa wachungaji wa Kibaptisti mjini Washington ulikataa kuliunga mkono tamasha kama hilo katika mji wao, mji aliozaliwa. Ellington aliendelea, na alisema hiyo ndiyo kazi muhimu kuliko zote alizowahi kufanya.

Na Martin Luther King, mchungaji tunayemheshimu sote, mwaka 1964 aliandika maneno ya utangulizi katika kitabu cha programu ya tamasha la jazi la Berlin. Ndiyo, kitabu cha programu, kama hiki mlichokishika. Aliandika kwamba muziki huu huchukua mambo magumu kabisa ya maisha ukayageuza kuwa wimbo, na mtu akatoka na tumaini jipya. Jioni ya tarehe 4 Aprili 1968, akiwa kwenye roshani ya hoteli mjini Memphis, alimwona chini mpiga saksafoni Ben Branch. Akamwomba apige ule wimbo wa Dorsey kwenye mkutano wa usiku huo, na aupige vizuri. Muda mfupi baadaye alipigwa risasi. Wimbo huo huo Mahalia Jackson aliuimba kwenye mazishi yake.

Tuliposikia hayo, sisi tuliopiga kura 19 tulijiona tumeshinda. Mpiga bluzi ametunga tenzi ya kanisa, mchungaji ameomba saksafoni, mnataka ushahidi gani tena? Ndipo Mzee wetu wa besi akaomba kusema.

Alichosikia Mzee wetu

Ametupa ruhusa tuyaseme haya mbele yenu. Alituomba tu tusiongeze chumvi.

Alisema: "Huyo Dorsey mnayemsifu, telegramu yake naijua. Mimi nilipata yangu." Kabla ya kuokoka, Mzee wetu alipuliza saksafoni katika bendi ya dansi. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua, wala wale walioimba naye miaka 30. Desemba moja katika miaka ya 1970 bendi yake ilikwenda Mombasa kwa mkataba wa mwezi mzima. Mama yake aliugua. Telegramu ilitumwa kwenye anwani ya zamani ya bendi, ikazunguka. Ilipomfikia, mama yake alikuwa amezikwa siku 6. Yeye ni mzaliwa wa kwanza. Udongo wa kwanza wa kaburi, ambao ulikuwa wake kuutupa, ulitupwa na mdogo wake. Alipofika nyumbani alikuta viti vya matanga vimesharudishwa kwa wenyewe.

Wiki ile aliiuza saksafoni, na pesa zake akalijengea kaburi la mama. Mwaka uliofuata akaokoka, akaja kwaya, akachagua besi.

"Siichukii," alituambia. "Mngejua ninavyoipenda. Kijana akipuliza, vidole vyangu vinasogea mfukoni. Lakini mimi sisikii wimbo wenu. Nasikia usiku ule watu wanashangilia, na mama yangu yuko kitandani. Dorsey alipewa wimbo. Mimi sikupewa. Mniache nitoke, nitarudi ukiisha."

Wapendwa, tulinyamaza muda mrefu. Kwa sababu kulikuwa na jambo jingine. Tangu barua ile isiyo na jina ilipofika, tulikuwa tumemnong'ona kwamba ndiye aliyeiandika. Hakuwa yeye. Mwandishi alikuja kujitaja baadaye, na hayo yalishamalizwa mbele ya wazee wa kanisa. Na kijana wetu akatusimulia jambo ambalo hakuwahi kulitaja: wiki ya pili baada ya sikukuu ya mavuno, Mzee alimwita kando akamwambia kwamba kile kipande chembamba cha mwanzi kinachofungwa mdomoni mwa saksafoni kimechakaa, ndiyo maana sauti inakwaruza, atafute kingine. Kijana alishangaa Mzee wa besi amejuaje, ila hakuuliza. Sisi tulimdhania adui wa chombo, kumbe yeye ndiye aliyekuwa akikitunza.

Tunachoomba leo

Baada ya siku ile kura hatukuirudia. Saksafoni ilibaki, na Mzee naye akabaki. Tulifanya mpango mdogo tu. Wimbo wenye saksafoni ukikaribia, Mzee hutoka kwa mlango wa pembeni na kuketi kwenye kiti kilicho karibu na tangi la maji. Mhudumu wa zamu huhakikisha kiti kipo na kivuli kipo. Wimbo ukiisha, anarudi mahali pake. Wageni hudhani anaumwa. Hapana. Anasikia tusichokisikia sisi.

Leo mtaona vivyo hivyo. Wimbo wa tatu katika programu una saksafoni. Mzee wetu akisimama kutoka, tunawaomba msimtazame kwa maswali, na watoto wasimfuate. Wimbo wa nne unaanzwa na besi. Hautaanza mpaka awe ameingia, hata tukingoja dakika kumi. Tunaziomba kwaya za wageni zituvumilie, maana tunajua ratiba ni ndefu na pilau linanukia.

Jambo la pili ni la toba. Kati ya wale watatu walioacha kwaya, wawili tunawaona hapa leo, wameketi na kwaya zao mpya. Dada zetu, hatukuwauliza mnasikia nini. Tuliwahesabu tu, tukawashinda. Mbele za Mungu na mbele ya kanisa hili, tunaomba mtusamehe. Viti vyenu vya zamani vimetandikwa safu ya pili, si kwa kuwalazimisha, bali mjue vipo.

Wa tatu, yule aliyeimba sauti ya kwanza kwa miaka 22, aliitwa na Bwana mwaka 2021. Tuliimba kwenye mazishi yake tukiwa wageni. Hatukuwahi kumuuliza. Hatujui yeye alisikia nini Jumapili ile ya mavuno, kama ni baa, au ni mtu fulani, au ni huzuni ambayo hakuwa na mahali pa kuisema. Familia yake iko hapa nasi. Tunawaomba mpokee pole yetu iliyochelewa, na jina lake tumelirudisha katika orodha ya wanakwaya kwenye ukurasa wa mwisho, mahali lilipokuwa.

Jambo la tatu ni kwa wanakwaya chipukizi, ninyi mtakaosimama hapa yubile ya miaka 100. Kutakuja chombo kingine. Hatujui kitaitwaje, lakini kitakuja, na kanisa litagawanyika tena katikati, wengine wakisimama na wengine wakitazama sakafu. Siku hiyo msikimbilie kura. Kaeni chini kwanza, mfumbe macho, kila mmoja aseme alichosikia, na asiwepo wa kumjibu. Wapiga jazi wenyewe hufanya hivyo: mmoja akichukua zamu yake, wenzake hawamkatizi. Humshikia mdundo mpaka amalize, na wanamsikiliza sana, kwa kuwa zamu itakayofuata itaanzia pale alipoishia. Kwaya iliyozoea kuimba sauti nne kwa pamoja haishindwi kufanya hivyo. Alto haijawahi kuitaka besi iimbe kama yeye.

Kwa hiyo mkituuliza jazi ni nini, kamati haina jibu moja. Kwa mjane wetu ni ruhusa ya kuimba njiani akitoka kaburini. Kwa mwalimu wetu wa solfa ni noti isiyo na herufi. Kwa muuguzi ni sala ya mtu aliyeishiwa na maneno, na kwa kijana wetu ni sentensi ambayo hakuna anayemmalizia. Kwa wazee ni ujana wao, wenye mazuri yake na aibu zake. Kwa Mzee wetu wa besi ni telegramu iliyochelewa. Na kwa mama yetu wa alto ni lile neno la Mathayo.

Tulisema tutalirudia neno hilo, na hapa ndipo mahali pake. Miaka 50 watu wameimba katika kwaya hii wakiwa na mambo mioyoni ambayo jirani wa kiti hakuyajua. Wamekuja mazoezini wakitoka msibani, wakitoka zamu, wakitoka kugombana nyumbani, wakashika karatasi na kuimba. Sisi hatukuyaona. Baba aonaye sirini aliyaona. Basi na awajazi wote waliowahi kusimama katika safu hizi, walio hai na waliotangulia, waliobaki na waliotoka, na yule atakayekuwa ameketi nje karibu na tangi la maji wimbo wa tatu utakapoanza.

Bwana asifiwe.